Camille Pissarro na Bustani ya Julie



  Nitaanza na kibao.

Katika makumbusho ya Clark, mjini Williamstown, jimbo la Massachusetts, Marekani, kipo kibao cha kuchanganyia rangi, kile anachoshika mchoraji kwa mkono wa kushoto huku kidole gumba kimepita kwenye tundu. Mwenyewe alikitumia miaka ya 1870. Pembezoni mwa kibao rangi zimeachwa mafungu mafungu kama zilivyominywa kutoka kwenye mirija yake: nyeupe, njano, nyekundu, zambarau, buluu, kijani. Zimekauka zikiwa zimevimba. Lakini katikati, mahali ambapo kwenye vibao vya wachoraji wengine utakuta rojo lisiloeleweka, yeye amechora picha kamili ya shamba: mkokoteni wa nyasi, farasi, watu wa kijijini, miti na mbingu. Rangi hazikutoka mbali. Zilivutwa kwa brashi kutoka ukingoni, inchi chache tu, zikawa shamba.

Mwenye kibao ni Camille Pissarro. Wanaosoma historia ya sanaa humkuta kwenye orodha ya Waimpreshonisti, kundi la wachoraji wa Ufaransa walioacha vyumba vya giza wakatoka nje kuchora mwanga kama ulivyowapiga machoni saa ileile. Humkuta, wakampita. Monet ana maua yake ya majini, Degas ana wacheza dansi wake, na Pissarro husemwa kuwa alichora mashamba, basi. Mimi nimekaa na picha zake miaka mingi, na nimefika mahali ambapo siwezi kuzitazama bila kumwona mtu mwingine ndani yake, hata pale ambapo hakuchorwa. Mtu huyo ni mkewe, Julie Vellay. Ninachokuja kukisema leo ni kwamba shamba la Pissarro halikuwa mandhari ya kupendeza aliyoiona akipita. Lilikuwa kwake. Lilimlisha yeye na watoto wake, na aliyekuwa akililima alikuwa mwanamke anayelala naye chumba kimoja.

Pissarro mwenyewe hakuzaliwa shambani. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 katika mji wa bandari wa Charlotte Amalie, kisiwa cha St. Thomas, kwenye bahari ya Karibi, wakati visiwa hivyo vikitawaliwa na Denmark. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wafanyabiashara, upande wa baba asili yao Ureno. Baba yake alikuwa ameoa mjane wa mjomba wake, jambo lililowaudhi wazee wa sinagogi, na ndoa ile ilikaa miaka bila kutambuliwa. Watoto wakapelekwa kusoma shule ya misheni pamoja na watoto Weusi wa kisiwani. Alipofika umri wa miaka 12 alipelekwa Ufaransa kusoma, akarudi 1847 kufanya kazi katika biashara ya baba, kuhesabu shehena gatini. Mwaka uliofuata watumwa wa visiwa vile walijikomboa. Alikuwa kijana anayekaribia miaka 18, na alikuwepo.

Sisi wa pwani tunamjua kijana wa namna hii. Ameshika daftari la mizigo mkono mmoja, macho yako kwa wachukuzi na wachuuzi. Pissarro alikuwa anachora pale pale gatini. Mchoraji wa Kidenmark, Fritz Melbye, akamwona, wakafuatana hadi Venezuela mwaka 1852 wakakaa huko miaka miwili. Mwaka 1855 akaondoka kwao moja kwa moja kwenda Paris. Mojawapo ya picha zake za mwanzo, aliyoichora 1856 akiwa tayari Ufaransa kwa kukumbuka, inaonyesha wanawake wawili Weusi wamesimama njiani kando ya bahari, mmoja na kikapu kichwani, wanazungumza. Kazi haijaisha, mzigo bado upo, lakini wamesimama kwanza wapeane habari. Naomba muiweke picha hiyo akilini. Tutaikuta tena zaidi ya miaka 20 baadaye, katika kijiji cha Ufaransa.

Julie alikuwa binti wa wakulima wa zabibu kutoka Burgundy. Mnamo 1860 alikuwa ameajiriwa jikoni nyumbani kwa wazazi wa Camille, ambao nao walikuwa wamehamia Paris. Kijana wa nyumba na msichana wa jikoni wakapendana. Tunaijua hadithi hii, na tunajua wazazi walivyosema. Wale wale ambao ndoa yao iliwahi kukataliwa na watu wao, nao wakakataa. Mtoto wa kwanza, Lucien, alizaliwa 1863. Kwa jumla walipata watoto wanane. Ndoa yenyewe haikufungwa hadi Juni 1871, tena si Ufaransa bali Croydon, pembeni mwa London, walikokuwa wakimbizi wa vita.

Vita vile kati ya Ufaransa na Prussia vilimwachia Pissarro hasara ambayo kila nikiifikiria nasikia baridi. Alikuwa amepanga nyumba Louveciennes, magharibi mwa Paris, na humo aliweka karibu kazi zote alizofanya kwa miaka 20, picha zipatazo 1500. Wanajeshi wa Prussia wakaigeuza nyumba. Walichinja wanyama humo, na bustani ilipojaa tope wakatandika picha chini wakanyage wasichafue viatu. Aliporudi, inasemekana zilizobaki zilikuwa kama 40. Mtu alikuwa na miaka 41, ana mke na watoto, hana akiba, na ushahidi kwamba amewahi kufanya kazi umekanyagwa na buti. Alifanya nini? Mwaka 1872 alihamisha familia akaenda kupanga Pontoise, mji mdogo wa mashamba na bustani za mboga, akaanza upya.

Kutoka Pontoise ndiyo ikaja picha ambayo kwangu mimi ni mlango wa kuingilia kwa Pissarro. Inaitwa *Gelée blanche*, yaani sakitu, ya mwaka 1873, na iko katika makumbusho ya Orsay, Paris. Ni asubuhi ya baridi kali. Shamba limelimwa, matuta yamepauka kwa umande ulioganda, na mzee mmoja anapanda njia akiwa na tita la kuni mgongoni na fimbo mkononi. Hapana zaidi. Lakini itazameni ardhi. Juu ya matuta vimelala vivuli virefu vya miti, na miti yenyewe haimo kwenye picha. Iko nje, nyuma yetu, upande tuliosimama sisi. Mhakiki mmoja wa wakati ule, Castagnary, alilihesabu hilo kuwa kosa: utachoraje kivuli cha kitu kisichokuwepo? Mimi naona ndipo ulipo ukweli wa picha hii. Kivuli kile kinatuambia kwamba mchoraji amesimama ndani ya asubuhi hiyo hiyo, miguu yake kwenye sakitu ile ile, na jua lile lile linampiga mgongoni.

Picha hiyo ilitundikwa katika maonyesho ya kwanza ya kundi lao, yaliyofunguliwa Paris tarehe 15 Aprili 1874, kwenye iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Walishiriki wasanii wapatao 30. Walikuwa wamechoshwa na Salon, yale maonyesho ya serikali ambamo majaji wachache waliamua nani aonekane na nani asionekane, wakaunda chama chao wenyewe. Pissarro ndiye aliyependekeza chama kiige kanuni za ushirika wa waoka mikate wa Pontoise. Naam, waoka mikate. Alipotafuta mfano wa jinsi wasanii waishi pamoja kwa haki, alitazama mtaani kwake. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, aliyewabandika jina la Waimpreshonisti kwa dhihaka, aliisimanga sakitu ya Pissarro kuwa ni mikwanguo ya rangi iliyotupwa juu ya turubai chafu.

Asichojua msomaji wa gazeti lile ni kwamba nyumbani kwa mchoraji palikuwa na matanga. Siku chache tu kabla ya maonyesho kufunguliwa, Pissarro na Julie walimzika binti yao Jeanne, waliyemwita Minette, akiwa hajatimiza miaka tisa. Baba alikuwa amemchora mara nyingi. Katika picha moja, iliyoko makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, Minette amekaa ameshika upepeo, uso umepauka, macho yanatutazama bila kucheza. Alipofariki baba akamchora pia kitandani, akiwa maiti. Kwetu wengine watalishangaa hilo. Lakini yule baba hakuwa na lugha nyingine ya kuagia. Julie wakati huo alikuwa mjamzito. Mtoto wa kiume, Félix, alizaliwa Julai mwaka huo huo. Maonyesho yalipata hasara, chama kikavunjwa, na kodi ya nyumba ilikuwa pale pale.

Hapa ndipo ninapotaka kumtaja Julie kwa kazi yake. Alilima mboga. Alifuga kuku na sungura. Kwa miaka mingi, chakula cha nyumba ile kilitoka bustanini kwake zaidi kuliko kwenye brashi ya mumewe, na wachoraji waliofika kujifunza kwa Pissarro walikaa kwenye meza hiyo wakala chakula hicho. Paul Cézanne alihamia jirani yao 1872 pamoja na mwenzake na mtoto mchanga. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kununa, anayechora kwa rangi nzito nyeusi. Pissarro alimtoa nje, akamfundisha kuacha weusi na kujenga picha kwa rangi angavu. Cézanne alinakili picha moja ya Pissarro ili mkono wake upate njia. Uzeeni, alipokuwa ameshakuwa mkubwa, alijiandikisha katika orodha ya maonyesho kwa jina lake na chini yake: mwanafunzi wa Pissarro. Akasema pia kwamba Pissarro alikuwa baba kwake. Gauguin naye alipita hapo, siku alipokuwa bado mtu wa soko la hisa anayechora Jumapili. Historia za sanaa zinaandika kwamba Pissarro alikuwa mwalimu mkarimu. Ni kweli. Lakini ukarimu wa nyumba huandikwa pia kwa jina la anayepika.

Kuanzia mwaka 1880 hivi, watu walianza kukua kwenye picha zake. Awali walikuwa vijitu njiani. Sasa wakaja mbele wakajaza turubai. Tazameni *Msichana wa Kijijini Akinywa Kahawa*, ya 1881, iliyoko Chicago. Msichana amekaa karibu na dirisha, bakuli mkononi, anakoroga kwa kijiko. Amelitazama bakuli, hatutazami sisi. Mwanga wa dirishani umemwagika juu yake, na ukisogea utaona shavu lake limefumwa kwa vistari vidogo vidogo vya waridi, buluu, kijani na njano, vimepishana kama nyuzi za ukili. Ukirudi nyuma hatua tatu, vistari vinakuwa ngozi. Nguo yake, ukuta na dirisha vimefumwa vivyo hivyo, kwa uangalifu ule ule, hakuna kilichodharauliwa. Aliwafundisha wengine hivyo hivyo: usimalize kitu kimoja ukaenda kingine, mbingu, maji, matawi na ardhi viende pamoja.

Kabla yake, Jean-François Millet alikuwa ameshawachora wakulima wa Ufaransa, na watu walimzoea. Mkulima wa Millet ameinama chini ya mbingu kubwa kama mtu aliye ibadani. Unamheshimu na unamwonea huruma. Simdharau Millet. Ila mkulima wa Pissarro hakuombi huruma. Amechoka, amekaa chini, anakunywa kahawa yake. Wanawake wake huegemea ua wakapiga soga, wengine wamejilaza majanini, mmoja ameshika kijiti anakichezea. Hapa ndipo wale wanawake wawili wa St. Thomas wanaporudi. Pissarro alikuwa mwanaharakati wa fikra za anakisti, akisoma maandishi ya Proudhon na Kropotkin, akiamini kwamba mtu anapaswa kufanya kazi bila bwana wa kumsimamia. Mapumziko ya mkulima kwake yalikuwa sehemu ya kazi. Mtu aliyewahi kupalilia tangu alfajiri hadi jua la utosi anajua kuwa dakika zile za kukaa chini ya mti ni zake, na hakuna wa kumdai.

Nyumbani pia alitazama kwa jicho hilo. Katika nyumba ya sanaa ya Tate, London, ipo picha ya 1882 ya msichana wa kazi anafagia chumba cha kulia. Ufagio mkononi, kichwa kimeinama. Mezani amekaa mtoto mdogo anakula: ni Ludovic-Rodo, mwana wa mchoraji, mwenye miaka minne. Picha ni ya kawaida kabisa mpaka ukumbuke kwamba mama wa mtoto yule naye alianza kama msichana wa kazi katika nyumba ya akina Pissarro. Nani basi amekaa mezani na nani ameshika ufagio? Anayefagia ndiye amepewa kimo chote cha picha; mtoto wa nyumba amewekwa pembeni. Sidhani kama Pissarro aliipanga hivyo bila kufikiri.

Masika ya 1884 walihamia Éragny, kijiji cha mto Epte, mwendo mrefu kidogo kutoka Paris. Kodi ilikuwa nafuu na bustani ilikuwa kubwa. Mto huo huo, ukishuka nao, unakufikisha Giverny alikokuwa amekaa Monet. Éragny ndiko alikokaa mpaka mwisho, na kwa miaka karibu 20 alichora uwanja mmoja: miti ya tofaa, malisho, na mnara wa kanisa la Bazincourt ng'ambo ya pili. Wapo wanaosema alijirudia. Mkulima pia hurudi shamba lile lile kila mwaka, na kila mwaka shamba si lile.

Miaka ya mwanzo Éragny ilikuwa migumu kuliko yote, na sehemu ya ugumu aliuleta mwenyewe. Mwaka 1885 alikutana na vijana wawili, Seurat na Signac, waliokuwa wakichora kwa vitone, rangi safi moja moja, kwa kufuata nadharia ya sayansi ya mwanga. Pissarro, mzee wa miaka 55, akawa mwanafunzi wa vijana. Mfanyabiashara wa picha zake, Durand-Ruel, hakuvipenda vitone. Wanunuzi wakapungua. Picha moja ilichukua miezi, na wakati huo duka la kijijini lilitaka kulipwa. Julie alilalamika, na barua za familia zinaonyesha kwamba alilalamika kwa sauti. Waandishi wengi wamemchora Julie kama mwanamke mwenye gubu asiyeelewa sanaa. Nakataa. Alikuwa na watoto wa kulisha na mume anayefanya majaribio. Kufikia 1890 Pissarro mwenyewe aliviacha vitone, akisema vilimfunga asiweze kufuata alichokihisi. Mkewe alikuwa amelijua hilo mapema, kwa njia ya sufuria.

Mwaka 1892 mwenye nyumba akataka kuuza. Pissarro alikuwa London kwa mwanawe. Julie hakungoja barua ziende na kurudi. Alikwenda kwa Monet mwenyewe akamwomba mkopo, na Monet akatoa faranga 15,000. Mume aliposikia aliona haya. Lakini nyumba ilinunuliwa, banda likageuzwa studio, na miti ya tofaa inayotundikwa leo Dallas na Kurashiki, Japani, ilibaki kuwa miti ya kwao.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi. Julie alitaka wajifunze kazi yenye mshahara. Baba alitaka wachore, na baba alishinda. Wana wote watano waliokua wakawa wachoraji. Lucien alihamia Uingereza, na mwaka 1894 yeye na mkewe Esther wakaanzisha kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vizuri kwa mkono. Wakakiita Eragny, jina la kijiji cha nyumbani. Félix, yule aliyezaliwa mwaka wa msiba, alikuwa labda mwenye kipaji kuliko wote. Kifua kikuu kilimuua London mwaka 1897 akiwa na miaka 23.

Miaka ya mwisho jicho lilimsumbua Pissarro. Mfereji wa machozi ulikuwa unavimba, na upepo na vumbi vikamzuia kufanya kazi nje. Akahamia madirishani. Alipanga vyumba vya hoteli Rouen, Paris, Dieppe na Le Havre, akachora barabara kutoka ghorofani. Boulevard Montmartre peke yake aliichora mara 14 mwaka 1897: asubuhi, mvua, jioni, na usiku taa zikiwaka. Ni picha nzuri mno, na ndizo zilizomletea fedha. Hata huko watu wanatembea kama watu wa sokoni kijijini, kila mmoja na safari yake. Kesi ya Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi aliyesingiziwa uhaini, ilipoigawa Ufaransa, Degas na Renoir, rafiki zake wa zamani, walimtenga kwa kuwa Myahudi. Yeye aliendelea kuzisifu picha za Degas.

Alifariki Paris tarehe 13 Novemba 1903. Alikuwa mchoraji pekee aliyeshiriki maonyesho yote manane ya Waimpreshonisti, kuanzia 1874 hadi 1886. Julie alibaki na nyumba ya Éragny, akaishi hadi 1926.

Katika makumbusho yale yale ya Oxford alipo Minette na upepeo wake, kuna picha nyingine ndogo ya miaka ya 1870. Mwanamke amekaa karibu na dirisha, ameinamia nguo anashona. Nje kuna ujani. Atakayejaliwa kufika huko, naomba akitoka kwa binti aende akasimame mbele ya picha hiyo kwa muda. Huyo ndiye Julie.